Waziri Mkuu na Madaraka ya Kuazima

Neno "waziri" tumelipokea kutoka Kiarabu, na wajuzi wengi wa lugha hiyo hulihusisha na mzizi wenye maana ya kubeba mzigo. Kwa asili ya jina lake, basi, waziri si mwenye enzi. Ni mtu amtuaye mwenye enzi sehemu ya mzigo wake. Ikiwa ndivyo, Waziri Mkuu ni mbebaji mkuu. Lakini hapo hapo lazuka swali ambalo katika masomo ya uraia aghalabu hupitiwa mbio, nalo ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la sheria: mtu abebaye mzigo wa mwenziwe, mzigo ule ukianguka, nani aulizwe?

Swali hili latuhusu sisi Watanzania kuliko mataifa mengi. Huko Uingereza mfalme hutawala kwa jina tu, na Waziri Mkuu ndiye mwenye Serikali. Huko Marekani Rais ndiye mwenye Serikali, na Waziri Mkuu hayupo. Sisi tuna Rais mwenye madaraka kamili ya utendaji, na papo hapo tuna Waziri Mkuu anayesimama Bungeni kuijibia Serikali ambayo si yake. Wageni wamewahi kuuona mpango huu kuwa mchanganyiko wa ajabu. Yafaa sisi wenyewe tuutazame, tujue una maana gani katika utamaduni wetu wa uongozi.

Kwanza tuikumbuke historia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mkuu wa dola alikuwa bado ni Malkia wa Uingereza. Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu akaenda kukijenga chama cha TANU, akakiacha kiti kwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea. Serikali ya Kawawa ndiyo iliyoiandaa Jamhuri, na Jamhuri ilipozaliwa tarehe 9 Desemba 1962 cheo cha Waziri Mkuu kilifutwa. Ndiyo kusema mtu huyu alisimamia kazi ya kukiondoa kiti alichokikalia mwenyewe, wala hatukusikia kwamba alikishikilia. Akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa mwaka 1964 akawa Makamu wa Pili. Februari 1972 cheo kilirudishwa, na Kawawa akakishika tena. Mwaka huo ndio madaraka yalipopelekwa mikoani. Kwa hiyo Ofisi ya Waziri Mkuu ikawa ndiyo mkono wa Serikali uliofika hata kwa mkulima wa Mnyambe, kwa njia ya mkoa na wilaya.

Katiba ya mwaka 1977, pamoja na marekebisho yake, imekieleza cheo hicho kwa maneno machache tu. Rais humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa katika majimbo, naye hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura za walio wengi. Kazi yake ni kusimamia shughuli za Serikali za kila siku, kuiongoza Serikali Bungeni, na kutekeleza yale ambayo Rais ataagiza yatekelezwe. Huwajibika kwa Rais. Lakini yeye na mawaziri wenzake huwajibika kwa pamoja mbele ya Bunge; na tangu marekebisho ya mwaka 1992 Bunge laweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Wakati huo huo Katiba yasema wazi kwamba Rais hafungwi na ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale sheria inapomlazimisha.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaona kitendawili. Waziri Mkuu ameazimwa madaraka na Rais, ambaye aweza kuyachukua siku yoyote. Ushauri wake waweza kusikilizwa au kuachwa. Walakini siku mambo yaharibikapo, yeye ndiye asimamaye mbele ya wawakilishi wa wananchi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Huyu basi ni mjumbe gani, ambaye huulizwa kwa ujumbe asioutunga?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuyaangalie makosa mawili ambayo cheo hiki chaweza kuangukia.

Kosa la kwanza ni la fahali wawili kukaa zizi moja. Majirani zetu wameionja adha hiyo. Nchini Kongo, miezi michache tu baada ya uhuru, Rais Joseph Kasavubu alitangaza redioni tarehe 5 Septemba 1960 kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Naye Lumumba akatangaza kwamba amemwondoa Rais. Nchi yenye vichwa viwili vilivyokanana haikuweza kusimama: siku chache baadaye jeshi chini ya Mobutu lilijiingiza, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa. Nchini Uganda, Waziri Mkuu Milton Obote na Rais Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia Kabaka wa Buganda, walivutana mpaka mwaka 1966, Katiba ikasimamishwa, ikulu ya Kabaka ikashambuliwa, na Mutesa akakimbilia Uingereza. Katika nchi zote mbili kila mmoja alidhani madaraka ni yake mwenyewe. Hakuna aliyeyaona kuwa ni ya kuazima.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo tunalijua kwa historia ya huku kwetu. Wamakonde wa uwanda wa Newala hawakuwa na mfalme mmoja. Makazi yalikuwa na wakulungwa wao, na uzito wa neno la mkulungwa ulitegemea watu waliokubali kukaa pamoja naye. Wajerumani walipoitwaa nchi waliweka maakida, na katika utawala wa Waingereza wakawekwa maliwali. Akida alipata amri kutoka juu akaipeleka chini. Kodi ilipodaiwa, alidai. Watu wa kazi walipotakiwa, aliwatoa. Lakini njia yake ilikuwa ya upande mmoja: chini hakuulizwa, na juu hakupeleka ila hesabu. Akiulizwa na raia hujibu kwamba ameagizwa, na jibu hilo likawa ndilo mwisho wa mazungumzo.

Kumbe basi fahali na akida wote wawili wamekosa, kila mmoja kwa namna yake. Wa kwanza husema, "Madaraka ni yangu." Wa pili husema, "Wajibu si wangu." Tunavyoona sisi, uadilifu wa Waziri Mkuu uko katika kuyageuza maneno hayo mawili: madaraka si yangu, lakini wajibu ni wangu.

Kwa nini wajibu uwe wake? Mtu aweza kusema kwamba si haki. Haki, atasema, yataka aliyeamua ndiye ajibu. Hoja hii ina nguvu, wala hatupaswi kuidharau. Lakini tuitazame kwa makini. Waziri Mkuu hakulazimishwa kukipokea cheo. Alipoapa alijua kwamba atatekeleza maagizo ya mwingine, na alijua kwamba mlango wa kutoka uko wazi. Kila siku anayobaki katika kiti chake analifanya agizo alilolitekeleza kuwa lake pia. Mpagazi aliyekubali kuuchukua mzigo hawezi kusema kwamba njia haimhusu.

Tena kuna sababu ya pili, inayotokana na maisha ya Taifa zima. Rais ni mkuu wa nchi na alama ya umoja wake. Katiba inao mlango wa kumwondoa, lakini ni mlango mwembamba, unaotaka theluthi mbili ya wabunge wote na uchunguzi wa kamati maalumu. Ndivyo inavyofaa, maana nchi haiwezi kutikiswa msingi wake kila mara jambo linapoharibika. Lakini wananchi nao hawawezi kungoja miaka mitano ndipo waulize. Waziri Mkuu ndiye mlango wa karibu. Kwa njia yake Serikali yaweza kuulizwa, kukemewa, na hata kubadilishwa, na nyumba ikabaki imesimama.

Jambo hili si geni katika mapokeo ya dini zetu. Kurani Tukufu yasimulia kwamba Nabii Musa alimwomba Mungu ampe waziri kutoka jamaa zake, naye alikuwa nduguye Haruni. Musa alipokwenda mlimani, Haruni alibaki na watu, na watu wakaabudu ndama. Musa aliporudi kwa ghadhabu alimshika nduguye kichwa na ndevu, akamwuliza. Haruni hakuwa amewaamuru watu wapotee, lakini aliulizwa, kwa sababu ndiye aliyeachiwa. Naye akajieleza kwamba alichelea kuambiwa amewafarakanisha Wana wa Israeli. Kitabu cha Kutoka nacho chasimulia, kwa namna yake, Haruni akiulizwa. Tuzingatie mambo mawili: waziri aliulizwa, na waziri alisikilizwa.

Katika nchi yetu mfano wa kuwajibika unaotajwa zaidi ni wa waziri ambaye hakuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1976 watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga walikufa mikononi mwa vyombo vya usalama. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa ameagiza uovu huo wala hakuwapo. Hata hivyo Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa askari wale walikuwa chini ya wizara yake. Miaka 8 baadaye, mwaka 1985, wananchi walimpigia kura akawa Rais. Hapa tunajifunza kwamba kuwajibika si kukiri hatia. Hatia ni ya aliyetenda, na mahali pake ni mahakamani. Kuwajibika ni kuwaambia wananchi kwamba kiti ni chao, na kwamba uaminifu wao ukivunjika katika eneo langu, mimi siwezi kukaa kana kwamba hakuna kitu.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi. Kwa desturi ya uongozi wetu jambo hili lingekuwa ndoto; lakini tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama Bungeni akatangaza kwamba ameandika barua ya kujiuzulu. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilikuwa imetoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Baraza la Mawaziri likavunjwa, na Mizengo Pinda akateuliwa mahali pake. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Wako walioona kwamba siku ile Bunge lilitimiza kazi yake barabara. Na wako walioona kwamba mtu mmoja alitwishwa mzigo wa wengi. Hatukusudii hapa kuihukumu kesi hiyo. Twaitaja kwa sababu yaonyesha mahali ambapo kuwajibika kwaweza kugeuka kuwa kafara. Mbuzi wa kafara hubeba dhambi za kijiji kizima, naye hasikilizwi. Waziri Mkuu akifanywa mbuzi wa namna hiyo, Taifa halipati ukweli. Hupata usingizi tu.

Kwa hiyo twasema kwamba wajibu huu ni wa haki kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba Waziri Mkuu awe na uhuru wa kumwambia Rais kweli chumbani. Rais hafungwi na ushauri, lakini Waziri Mkuu anafungwa kuutoa. Anyamazaye mbele ya mkubwa kwa kuogopa kukipoteza kiti amekwisha kukipoteza, ila hajajua. Sharti la pili ni kwamba, neno likishakatwa, atoke nje na kauli moja na Serikali. Na ikiwa dhamiri yake haikubali, aondoke kwa heshima, asibaki ndani akinong'ona. Mwaka 1993, wabunge 55 walipoleta hoja ya kuwa na Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, Serikali iliipinga kwanza na kisha ikaikubali. Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, aliandika kitabu "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania" akiwalaumu wasaidizi wakuu wa Rais, na Desemba 1994 John Malecela aliacha kuwa Waziri Mkuu. Mtu aweza kukubaliana na hukumu ile au asikubaliane nayo. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa sahihi: wasaidizi walimshauri nini Rais, nao walisimama wapi? Sharti la tatu ni kwamba anayeulizwa apewe nafasi ya kujibu.

Tulipime jambo hili kwa kitu cha huku kwetu, nacho ni korosho. Katika msimu wa mwaka 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba waliyakataa minadani mabei waliyoyaona ya chini. Novemba mwaka huo mawaziri wawili waliondolewa, na Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe. Uamuzi wa bei ulitoka juu kabisa. Lakini baada ya tangazo zilikuja kazi za kila siku: kuhakiki wakulima, kupima, kusafirisha, kuhifadhi na kulipa, na malipo ya baadhi yao yalichelewa hata mwaka 2019. Mkulima wa Mnyambe anayeuliza, "Fedha yangu i wapi?" haulizi nani alikata bei. Anauliza nani anasimamia. Hilo ndilo swali ambalo Katiba imempa Waziri Mkuu alijibu, kwa kuwa usimamizi wa kazi za siku hata siku ni wake. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa Ruangwa, katika mkoa jirani wa Lindi unaolima zao hilo hilo. Lakini hata angetoka mkoa usiojua mkorosho, wajibu wake ungekuwa ule ule.

Wenyeji wa uwanda huu wanaifahamu njia ya maji. Kabla ya mabomba, ambayo mradi wake ulianza katika miaka ya 1950, juu ya uwanda maji yalikuwa adimu, na chemchemi zilikuwa chini ya mteremko. Akina mama walishuka na vyungu vitupu wakapanda na vyungu vilivyojaa. Mzigo mzito ulikuwa wa kupanda. Waziri Mkuu naye hushuka na maagizo, na hiyo ndiyo sehemu rahisi ya safari yake. Sehemu ngumu ni kupanda na yale aliyoyakuta bondeni: kilio, makosa, hesabu zisizolingana. Akirudi juu na chungu kitupu huku akisema kwamba huko chini mambo ni shwari, amewanyima maji wote wawili, aliyemtuma na waliomngoja.

Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1977 hadi 1980 na tena tangu Februari 1983, anakumbukwa kwa kuwa alishuka na kupanda. Kampeni aliyoiongoza mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi ilikuwa na haraka yake, maana watu walianza kukamatwa kabla sheria maalumu haijapitishwa, na sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 1984. Lakini hakuna aliyemdhania kuwa ni fahali wa pili zizini, wala akida. Alipokufa kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, wananchi walimlilia mtu ambaye madaraka yake yote yalikuwa ya kuazima.

Yako mafunzo mengine katika namna viongozi wetu walivyokirudisha walichoazimwa. Kawawa, baada ya kumwachia Sokoine kiti mwaka 1977, alikubali kuwa waziri wa kawaida, akashika wizara ya ulinzi. Cleopa Msuya, Waziri Mkuu tangu 1980, alirudi kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1983 chini ya mtu aliyempokea, na mwaka 1994 akaitwa tena kushika kiti kile kile. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1984 na 1985, alibaki Serikalini akitumika kabla ya kwenda kuuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mkuu mwaka 1989. Katika nchi nyingi mtu akishuka daraja moja huona amezikwa. Kwa watu hawa kushuka kulikuwa ni kuendelea na kazi. Na Zanzibar nayo, ilipofanya marekebisho ya Katiba yake mwaka 2010, ilikifuta cheo cha Waziri Kiongozi na kuweka Makamu wawili wa Rais. Cheo kilikwenda, lakini kazi ya kuiongoza Serikali katika Baraza la Wawakilishi ikabaki, akaibeba Makamu wa Pili wa Rais.

Vijana wasomao makala haya wasidhani kwamba jambo hili ni la Dodoma peke yake. Katika kila shule yuko kiranja mkuu. Madaraka yake ameazimwa na mwalimu mkuu, na wanafunzi wenzake wanamtazama. Akijifanya mwalimu mkuu wa pili, shule itagawanyika. Akiwa wa kupokea amri na kuandika majina ya wakosaji tu, wenzake watamwona akida. Lakini akiweza kuingia ofisini na kusema, "Mwalimu, uji wa asubuhi hautoshi, na wadogo ndio wanaokosa," kisha akatoka na kuwaambia wenzake kwa ukweli aliyojibiwa, na siku zamu ya usafi ikiharibika akasimama mstarini kujibu bila kumtafuta wa kumsingizia, huyo amekwisha kuijua kazi ya Waziri Mkuu, hata kama hajaifungua Katiba. Walimu nao wamsikilize aingiapo, kwa sababu kiranja asiyesikilizwa ofisini hana haki ya kuulizwa mstarini.